Kila Upande Una Mwezi Wake

Maji yanayotoka Likasi kwa njia ya mto Panda huingia Lufira. Lufira huyafikisha kwenye ziwa Tshangalele, lile lililotokea baada ya mto kuzibwa pale Mwadingusha mwishoni mwa miaka ya 1920 ili viwanda vya shaba vipate umeme. Yakishapita kwenye mitambo ya Mwadingusha na Koni, huteremka maporomoko ya Kiubo, hupenya katikati ya hifadhi mbili za taifa, Upemba kwa magharibi na Kundelungu kwa mashariki, kisha hutawanyika katika bonde la maziwa na matete ambako mto Lualaba nao hufika ukiwa umeshapita Kolwezi. Viwanda vya Shituru, mjini Likasi, vilianza kazi mwaka 1929. Upemba ilitangazwa kuwa hifadhi tarehe 15 Mei 1939. Kwa hiyo hifadhi ilizaliwa ikiwa tayari chini ya mkondo wa kiwanda, na lango lake halijawahi kuwa na uwezo wa kuyazuia maji.

Mtu akiuliza kama maji hayo ni salama, mara nyingi hujibiwa kwa tarakimu moja: shaba kiasi fulani kwa lita, kobalti kiasi fulani. Tarakimu hiyo hubebwa mkutanoni, hutajwa redioni, huingia kwenye ripoti. Ni nadra kuambatana na mwezi ilipopimwa, seuze saa ya siku au mvua ya juzi na jana. Hoja yangu ni kwamba huku Katanga ya Juu kipimo kisichotaja majira kinaweza kusema kinyume cha hali halisi bila mpimaji kudanganya hata neno moja.

Anayetaka mto uonekane msafi atachota Februari, mto ukiwa umefura. Anayetaka uonekane mchafu atachota Septemba, mto ukiwa umekonda. Wote wawili watapeleka sampuli kwenye maabara nzuri, wote wataleta karatasi yenye mhuri, na wote watakuwa wamesema kweli. Ugomvi wa miaka mingi kati ya wachimbaji, wanavijiji na watetezi wa mazingira huku kwetu ni ugomvi wa watu ambao kila upande una mwezi wake.

Mto unavyobadilika kwa mwaka

Mvua hushika Novemba na kuachia Machi. Kwa mwaka mzima hunyesha kama milimita 1,200. Kuanzia Mei hadi Septemba ni kiangazi kikavu, na Aprili na Oktoba ni miezi ya kupokezana. Barabara za udongo za kwenda Kiubo au Lusinga, yaliko makao ya hifadhi ya Upemba, hupitika kwa raha wakati wa kiangazi. Ndiyo maana safari nyingi za kazi huangukia miezi hiyo. Kalenda ya upimaji imepangwa na magurudumu ya gari, na baadaye sisi wataalamu tunaisoma kana kwamba imepangwa na sayansi.

Kiangazi kikikolea, vijito hukauka na mito kama Panda hupungua. Kinachobaki ni maji ya chemchemi pamoja na yale yanayotoka viwandani na majumbani, kwa sababu kiwanda hakina likizo ya kiangazi. Mmwago ni uleule, ila maji ya kuuzimua yamepungua. Metali zilizoyeyuka hupanda kwa kila lita. Kipindi hiki ndicho pia ambacho visima vya mtaani hushuka na bustani za mboga za mabondeni humwagiliwa kwa ndoo kutoka mtoni. Mto ukiwa na sumu nyingi zaidi kwa lita, watu nao wanauhitaji zaidi.

Wakati huohuo, jambo lingine linaandaliwa juani. Kwenye marundo ya topesumu, yaani yale mabaki laini yanayobaki baada ya madini kusagwa na kuoshwa, unyevu wa ndani hupanda juu, hukauka na kuacha ukoko wa chumvi: mweupe, wa kijani, pengine wa samawati. Mvua kubwa ya kwanza huyeyusha ukoko huo kwa mkupuo na kuupeleka mtoni. Kwa saa chache mto hupokea kilichojikusanya kwa miezi mitano. Viumbe wadogo wa majini na samaki wachanga hupigwa kipindi hicho, kisha maji hutulia. Mpimaji anayefika siku tatu baadaye hakuti kitu cha kuandika. Ni sawa na kumpima joto mgonjwa wa malaria asubuhi tu, wakati homa yake hupanda jioni.

Januari na Februari sura hubadilika tena. Mto umejaa, una rangi ya udongo, na metali zilizoyeyuka huonekana chache. Lakini tope lile lina udongo wa mfinyanzi, na udongo wa mfinyanzi hushika metali. Kinachosafirishwa kwenda chini ni kingi kuliko wakati wowote wa mwaka, ila kimepanda juu ya chembe za udongo.

Tufanye hesabu ya mfano tu, bila kudai kwamba ni ya mto fulani. Septemba mto unapitisha lita 500 kwa sekunde, na kila lita ina miligramu 0.4 za kobalti. Hiyo ni miligramu 200 kwa sekunde, au takribani kilo 17 kwa siku. Februari mtiririko umefika lita 10,000 kwa sekunde, na kobalti imeshuka hadi miligramu 0.1 kwa lita. Mwenye kutazama kiasi kwa lita atasema hali imekuwa nzuri mara nne. Mwenye kuzidisha kwa mtiririko atapata miligramu 1,000 kwa sekunde, zaidi ya kilo 86 kwa siku, yaani mara tano ya zile za kiangazi. Anayekunywa maji ya mto anahitaji kujua kiasi kwa lita. Anayelinda ziwa lililo chini ya mto, au hifadhi, anahitaji kujua kilo kwa siku. Bila kupima mtiririko, swali la pili halijibiki kamwe, na kupima mtiririko ndiyo kazi inayorukwa mara nyingi zaidi, ingawa kijiti kinachoelea, saa na kamba yenye alama hutosha kutoa makadirio yanayokubalika.

Kwa nini shaba pekee haitoshi

Miamba yenye shaba ya Katanga ni ya dolomiti, jamaa ya chokaa. Chokaa hupunguza uchachu. Kwa hiyo mito mingi ya huku si michachu kama ile ya machimbo ya makaa ya mawe Afrika Kusini, na hilo limewapa wengi faraja isiyo na msingi. Maji yasiposhika uchachu, shaba hutulia haraka na kuzama kwenye tope. Kobalti huendelea kusafiri. Urani ndiyo yenye hila zaidi: hushikamana na kaboneti zilizoyeyuka kutoka kwenye dolomiti hiyohiyo na kutembea nazo mbali. Mwamba unaotuokoa na metali moja huibeba nyingine.

Urani si jambo la kubuni hapa. Shinkolobwe iko kiasi cha kilomita 20 tu kutoka Likasi. Mbale zake ziligunduliwa 1915, na katika Vita vya Pili vya Dunia urani yake ilipelekwa Marekani kutengeneza bomu la atomiki. Serikali ilipiga marufuku uchimbaji pale mwanzoni mwa 2004, na katikati ya mwaka huo huo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu waliokuwa wakiendelea kuchimba kwa mikono. Orodha ya vipimo inayotengenezwa kwa ajili ya bonde la Lufira na kuiacha urani nje imeandikwa na mtu asiyejua mahali anapopima.

Upande wa viwango kuna pengo jingine. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina kiwango cha mwongozo cha shaba katika maji ya kunywa, miligramu 2 kwa lita. Lina cha risasi, 0.01, na cha urani, 0.03. Kwa kobalti halina. Metali inayolijulisha jina la Katanga duniani, inayoingia kwenye betri za simu na magari, haina tarakimu ya WHO ambayo mama wa Kapolowe, kando ya ziwa Tshangalele, angeweza kuishika mkononi na kuuliza kwa nini imevukwa. Mwenye kutaka hukumu ya haraka atakuta hakuna mstari wa kuvuka. Pasipo mstari, kinachobaki ni kulinganisha: juu ya mto na chini ya mto, mwaka huu na mwaka jana, kiangazi na masika. Huo ni ushahidi unaojengwa kwa uvumilivu, na ndiyo sababu nyingine ya kutopima mara moja na kuondoka.

Kulinganisha nako kuna mtego wake. Ardhi ya hapa ilikuwa na metali kabla ya koleo la kwanza. Kuna vilima vya shaba ambavyo miti ya miombo haioti kabisa, na badala yake huota mimea midogo iliyozoea metali, kama ile iitwayo kitaalamu Haumaniastrum katangense, ambayo watafutaji madini waliitumia kama dalili. Kampuni ikisema metali ni za asili, inaweza kuwa inasema kweli kwa sehemu. Jibu ni kupima vijito vya marejeo: vilivyo kwenye mwamba uleule, vikipata mvua ileile, lakini visivyo na kiwanda wala mgodi juu yake. Vipimwe siku zilezile, kwa chupa za aina ileile.

Chupa moja kwa karibu

Msomaji asiye wa fani anastahili kuona tarakimu hizi zinatoka wapi. Mpimaji huingia mtoni akielekea unakotoka mkondo, ili tope analolitibua kwa miguu lipite nyuma yake. Husuuza chupa mara tatu kwa maji ya mtoni, kisha huichovya chini kidogo ya uso wa maji mdomo ukielekea mkondo. Nusu ya maji huvutwa kwa bomba la sindano na kusukumwa kupitia chujio la mikromita 0.45. Yanayopita ndiyo tunayoyahesabu kuwa yenye metali zilizoyeyuka. Nusu nyingine huachwa na tope lake. Chupa zote mbili hutiwa matone ya asidi ya nitriki safi hadi pH, yaani kipimo cha uchachu, ishuke chini ya 2, la sivyo metali hujishika kwenye kuta za chupa njiani. pH, joto na uwezo wa maji kupitisha umeme husomwa palepale, maana pH inayosomwa maabara kesho yake ni ya chupa.

Halafu kuna chupa ambayo wengi huiona upotevu. Mpimaji hubeba maji safi kutoka maabara, huyapitisha kwenye sindano ileile na chujio lilelile akiwa ukingoni, huyatia asidi ileile na kuyarudisha. Yakikutwa na kobalti, basi kobalti imetoka kwenye glavu, kwenye vumbi la gari au kwenye asidi yenyewe. Huku Katanga, ambako vumbi lenyewe lina metali, sampuli tupu ya namna hiyo ndiyo inayotenganisha utafiti na uvumi. Ripoti isiyoitaja isomwe kwa tahadhari, hata kama imefungwa kwa jalada zuri.

Kuna mashahidi wawili ambao hawategemei siku ya safari. Wa kwanza ni mashapo. Ziwa Tshangalele ni la kina kifupi na limezibwa kwa ukuta, kwa hiyo linafanya kazi ya chujio kubwa: yaliyoletwa na Lufira yanatua hapo. Mwaka 2010 jarida la Tropicultura lilichapisha utafiti wa Katemo Manda na wenzake juu ya bonde la juu la Lufira, uliofuatilia shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimi, urani na nyinginezo katika msururu wa chakula wa majini. Samaki wa Kapolowe wanaoliwa kwa bukari (ugali) mezani Likasi na Lubumbashi wanatoka katika maji hayo. Mashapo huhifadhi historia ya miaka, na jambo la kuogopa ni pale yanapotibuliwa kwa mafuriko au kwa kazi za ukarabati wa bwawa na kuteremka kuelekea hifadhini.

Shahidi wa pili ni wadudu wa majini. Viluwiluwi vya aina fulani za wadudu hukaa chini ya mawe kwa majuma na miezi. Baadhi hawavumilii uchafu hata kidogo, wengine huvumilia karibu kila kitu. Ukigeuza mawe na kuona ni akina nani waliobaki, unajua mto ulipitia nini wewe ukiwa hupo. Afrika Kusini wametengeneza njia rahisi iitwayo miniSASS yenye makundi 13 tu ya kutambua, ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Zambia na Tanzania zina mifumo yao kamili iliyotokana na wazo hilohilo, ZISS na TARISS. Zambia ni majirani zetu wa bonde na miombo, na wadudu wao si wageni kwetu. Sioni kwa nini shule zilizo kando ya Panda na Lufira zisingeanza na hili kabla ya kusubiri mashine.

Hewa ina kalenda yake

Watu wengi hudhani majira mabaya ya maji ni majira mabaya ya hewa. Hewa ina kalenda yake, na huo ni mtego wa pili wa safari ya mara moja kwa mwaka.

Somo lililo wazi zaidi liko Lubumbashi. Tanuri la shaba pale lilianza kazi 1911, na kwa miongo mingi bomba lake lilitoa moshi wenye dioksidi ya salfa na vumbi la metali. Upepo unaotawala hutoka kusini-mashariki. Ukitazama ramani ya udongo na mimea, uharibifu haukuenea sawasawa kuzunguka bomba. Umechora umbo la koni kuelekea kaskazini-magharibi, na kwenye mitaa kama Penga Penga ardhi ilibaki wazi, hata watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wakajaribu kuifunika kwa nyasi zinazovumilia shaba. Aliyeweka kipimo kusini mwa bomba angeandika kwamba hewa ni nzuri. Upepo huo wa kusini-mashariki ni wa kiangazi, jamaa wa kusi anayejulikana na mabaharia wa pwani.

Likasi ina hali ya namna hiyo. Kiangazi huleta vumbi la barabara na la marundo ya topesumu, na juu yake moshi wa mioto ya nyika na wa tanuri za makaa. Julai usiku ni baridi. Hewa nzito ya baridi hukaa bondeni na ile ya vuguvugu hukaa juu yake, kwa hiyo moshi wa alfajiri hautoki hadi jua lipande. Mpimaji anayefika kwenye kituo saa nne asubuhi, baada ya chai, anakuta kipindi kibaya kimekwisha. Mvua zikija huosha vumbi, lakini salfa iliyo hewani hugeuka kuwa asidi ndani ya matone na kushuka pamoja nayo. Uchafu umehama kutoka kwenye pua kwenda kwenye udongo na mto.

Viwango vya WHO vya 2021 vinataka chembe laini za PM2.5 zisizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24, na dioksidi ya salfa isizidi 40. Vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyohesabu chembe kwa mwanga vimerahisisha kazi sana. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ulioanza 2015, umeonyesha kwamba vifaa vya namna hiyo vinaweza kutengenezwa na kusimamiwa hapahapa Afrika. Lakini navyo vina udhaifu wa majira: unyevu ukiwa mwingi, chembe hunyonya maji na kuvimba, na kifaa husoma zaidi ya kilichopo. Kifaa kilichosahihishwa Julai kinaweza kudanganya Januari. Isitoshe, kifaa huhesabu chembe bila kujua zimetoka wapi. Moshi wa shamba lililochomwa na vumbi la kobalti kwake ni kitu kimoja. Ili kuvitenganisha ni lazima kukusanya vumbi kwenye chujio, kulipima uzito na kuchunguza metali zake.

Kazi hii ina mguso wa moja kwa moja kwa mwili wa binadamu. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, wakiwemo wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu 351 wa kusini mwa Katanga. Walioishi karibu na migodi au viwanda walikuwa na kobalti nyingi kuliko walioishi mbali. Mkojo huonyesha yaliyoingia mwilini siku za karibuni, kutoka kwenye chakula, maji au vumbi. Bila kalenda ya maji na kalenda ya hewa, daktari hawezi kusema ni mlango upi ulioingiza zaidi, na bila kujua mlango hakuna wa kuufunga.

Hifadhi inahitaji nini

Upemba si mahali pasipopimwa kamwe. Kati ya 1946 na 1949 Gaston-François de Witte na kikosi chake cha watafiti walikaa humo wakikusanya mimea, wadudu, vyura na samaki. Matokeo yalitoka katika mfululizo mrefu wa vitabu, na kile cha samaki, cha Max Poll, kilichapishwa 1976. Nguvu ya kazi ile ni kwamba walikuwepo mvua na kiangazi. Tuna picha nzuri ya nani aliishi katika maji yale miaka ya 1940. Orodha hiyo ni rejeo adimu kwa wadudu na samaki, ila isichukuliwe kuwa picha ya mto ambao haujaguswa, kwani Shituru na Mwadingusha zilikuwa zimeshatangulia.

Mpango wa leo ungeweza kuwa mdogo na bado ukafaa. Kituo kimoja Kiubo, kabla Lufira haujaanza kupita kati ya hifadhi. Kimoja chini ya Mwadingusha, kuonyesha ziwa limezuia nini. Kimoja kwenye Panda chini ya viwanda na kimoja juu yake. Halafu vijito viwili vitatu vinavyozaliwa kwenye uwanda wa juu wa Kibara ndani ya hifadhi, kama marejeo. Hata hivyo vichunguzwe kwanza, kwa sababu hifadhi yenyewe imewahi kuchimbwa: Rodrigue Katembo, aliyekuwa mkurugenzi wa Upemba, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2017, na sehemu ya kazi iliyotajwa ni kuwatoa wachimbaji wa koltani.

Tarehe zitafutwe kwa mvua. Duru ya mwisho wa kiangazi, Septemba. Duru ya mvua ya kwanza, ambayo haiwezi kupangiwa tarehe: mtu anayeishi karibu na mto aachiwe chupa na apewe simu ya kumwamsha. Duru ya Februari, mto ukiwa juu. Duru ya Mei, maji yanapotulia. Kwa hewa, Julai isikosekane. Askari wa hifadhi wapo mwaka mzima na wanajua njia ambazo gari la mjini halipiti, na kuna sehemu ambazo makundi yenye silaha yamezifanya zisifikike na wageni. Wakifundishwa na kulipwa kwa kazi hiyo ya ziada, kalenda haitategemea tena barabara.

Kuna pia vifaa vya kuachwa mtoni vinavyorekodi uwezo wa maji kupitisha umeme kila baada ya dakika chache. Havijui metali, lakini vinajua saa ambayo kitu kimepita. Tarehe 18 Februari 2025 bwawa la topesumu la kampuni ya Sino-Metals lilipasuka karibu na Chambishi, Zambia, na maji yenye asidi yakaingia mto Mwambashi hadi Kafue. Kitwe ilikatiwa maji ya bomba. Katika mikasa ya namna ile, swali la kwanza la mahakama na la bima ni mto ulikuwaje wiki moja kabla. Lufira ukipatwa na jambo kama hilo, atakayejibu ni yule mwenye rekodi ya Februari zilizotangulia.

Nani alipe, nani aone

Kanuni ya Madini ya nchi yetu iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya eneo la mgodi na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Inamtaka pia mwenye mgodi kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Sehemu ndogo ya fungu la 15 ingetosha kulipa chupa, asidi, vichujio, mafuta na posho za mwaka mzima. Gharama kubwa ni maabara, na hapo Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina watu waliosomea kazi hii na kuichapisha.

Fedha za nje ni nzuri kwa kuanzia, si kwa kudumu. Kwa miaka kadhaa balozi za Marekani katika miji mingi ya Afrika zilitangaza vipimo vya hewa bure. Machi 2025 Washington iliacha kuvitangaza, na miji iliyokuwa ikivitegemea ikabaki bila mfululizo. Mfululizo ukikatika mwaka mmoja, huwezi kuurudisha kwa kupima mara mbili mwaka unaofuata.

Kampuni nazo hupima, kwa sababu sheria inazitaka ziwe na mpango wa kusimamia mazingira. Tarakimu zao nyingi hubaki kwenye makabati ya ofisi. Hapa ndipo ningependa serikali ya jimbo la Haut-Katanga, yaani Katanga ya Juu, ianze, kabla ya kununua mashine yoyote: kila kipimo cha maji au hewa kinachowasilishwa kwake kitangazwe, kikiwa na tarehe, saa, mtiririko wa mto, mvua ya siku 7 zilizotangulia na matokeo ya sampuli tupu. Kipimo kisicho na mambo hayo kirudishwe kwa mwenyewe kama fomu isiyojazwa. Agizo la namna hiyo linahitaji karatasi moja na sahihi moja, na lingeweza kuanza kutumika kabla ya mvua ya kwanza ya Oktoba ijayo. Baada ya miaka mitatu tungekuwa na Septemba tatu na Februari tatu za kulinganisha, na aliyezoea kuchagua mwezi wake angelazimika kuonyesha na ile mingine.